Batman wa Afrika Anakaa Mtaa Gani?

Jumatano ndiyo siku ya katuni Marekani. Maduka yanapokea mzigo mpya, wasomaji wanapita kuchukua matoleo yao, na ikifika usiku mtandaoni ni ubishi mtupu. Jumatano ya tarehe 7 Septemba 2011 ilikuwa na mzigo wa aina yake. Kampuni ya DC ilikuwa imeamua kuanza upya ulimwengu wake mzima: majarida 52, yote kuanzia namba 1, hata Action Comics lililokuwa limeshavuka namba 900. Justice League lilitangulia peke yake wiki moja kabla. Wiki hii ndiyo yakamwagika 13 kwa mpigo.

Kwa sisi wa huku kulikuwa na la ziada. Mpango huo mpya ulikuja na uamuzi wa kuuza matoleo yote ya kidijitali siku ileile yanapoingia dukani. Mtu wa Mwanza au Mombasa mwenye kadi ya benki na bando la kutosha aliweza kusoma siku moja na mtu wa New York, badala ya kusubiri kitabu cha mtumba ambacho ukurasa wa mwisho umeshang'oka. Na kati ya hayo 13, moja lilikuwa linatuhusu kwa karibu: shujaa wake ni askari polisi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wauzaji walimtangaza kama "Batman wa Afrika".

Majarida ya wiki ile yamekusanywa kwenye vitabu na bado yanapatikana, kwa hiyo hukumu yangu unaweza kuikagua mwenyewe. Sitapita yote 13, maana mengine hayana la kusema. Nitachukua yale yenye uzito, na kila moja nitaliuliza swali moja la kijiweni: huyu shujaa anakaa mtaa gani? Yaani jirani yake ni nani, nani anamdai, na siku asipoonekana nani atauliza yuko wapi. Swali linaonekana la utani, lakini ndilo lililotenganisha pumba na mchele wiki ile.

Action Comics: mpangaji mwenye joho

Tuanze na mkubwa wao. Mwandishi ni Grant Morrison, mchoraji ni Rags Morales, na Superman wao hajafikia kuwa yule mzee wa heshima tunayemjua. Ni kijana. Amevaa fulana yenye ile herufi ya S, suruali ya jinzi, buti za kazi na joho fupi. Kuruka kama ndege hajaweza bado, anachupa tu kutoka jengo hadi jengo. Mchana ni mwandishi wa habari kwenye gazeti dogo, anapanga chumba, na mwenye nyumba wake ni Bi Nyxly.

Kazi yake ya kwanza kwenye toleo hili si kupigana na zimwi kutoka sayari nyingine. Anamfuata tajiri mmoja, Glenmorgan, nyumbani kwake juu ghorofani, anambeba juujuu na kuruka naye hadi chini, mpaka jamaa anatapika kila kitu mbele ya polisi: vibarua aliowalipa kiduchu kinyume cha sheria, usalama kazini ambao haukuwepo, maofisa wa jiji aliowahonga. Ukiisoma Dar au Nairobi hauhitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Glenmorgan unamjua. Pengine ndiye aliyejenga ghorofa linalokuzibia upepo.

Halafu inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Jengo la watu maskini linabomolewa na wakazi bado wamo ndani. Superman anawaokoa, jeshi linamgeukia yeye, na wale wakazi wanasimama mbele yake kumkinga. Hebu fikiria: mtu asiyepenya risasi anakingwa na watu ambao risasi inawapenya. Hapo ndipo unaposadiki kwamba huyu ana mtaa. Kawatetea, wakamtetea, na hakuna aliyelazimika kutoa hotuba.

Wanaosema Morrison alibuni Superman mpya wamekosea kidogo. Alimrudisha wa 1938, yule wa Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Shujaa wao wa awali alikuwa anawafuata wanaume wanaopiga wake zao na wanasiasa waliokula rushwa. Dosari za toleo hili zipo. Morales ana kurasa ambazo sura ya Clark inabadilika kutoka kisanduku hadi kisanduku, na Lex Luthor anaongea kama mtu aliyelipwa kwa neno. Lakini mji unapumua. Treni inatembea na watu ndani, nyumba zina wapangaji.

Animal Man: hofu iliyomo ndani ya familia

Jeff Lemire na Travel Foreman ndio walioshangaza watu wiki ile. Buddy Baker ni shujaa wa daraja la pili. Anaweza kuazima uwezo wa mnyama yeyote, lakini umaarufu wake umepungua, siku hizi ni mwanaharakati na ameigiza filamu moja. Ana mke, Ellen, kijana anayeitwa Cliff, na binti mdogo, Maxine, ambaye anataka afugiwe mbwa. Ndiyo, mgogoro wa kwanza nyumbani ni mbwa.

Kisha anaitwa hospitalini. Baba mmoja aliyefiwa na binti yake kwa saratani ameshika bunduki kwenye wodi ya watoto. Buddy anamaliza kazi, ila damu inaanza kumtoka machoni. Anarudi nyumbani, anaota ndoto ya kutisha, na ukurasa wa mwisho unamkuta Maxine nyuma ya nyumba na "wanyama" aliojipatia mwenyewe: mizoga na mifupa iliyosimama kwa miguu yake.

Ni ukurasa mmoja, na umekaa kichwani mwa watu mpaka leo. Kwa nini? Kwa sababu tulishaambiwa kuhusu mbwa. Mtoto aliomba kitu, wazazi wakasitasita, akajipatia. Hofu imetoka kwenye ombi la kawaida la nyumbani, na mzazi yeyote anaijua ile baridi ya kugundua kwamba mtoto ana jambo lake ambalo wewe huliwezi.

Angalia pia michoro ya Foreman. Mara nyingi nyuma ya watu hakuna kitu, ni weupe tu. Nataka ulikumbuke hilo, maana tutakutana nalo tena mbele, na sitaki mtu aseme namlaumu mchoraji kwa kuacha nafasi tupu. Nafasi tupu ya Foreman inabebwa na familia.

Swamp Thing, kwa kifupi

Scott Snyder na Yanick Paquette wamemkuta Alec Holland, mwanasayansi wa mimea, akifanya kazi ya ujenzi Louisiana, akikimbia kumbukumbu za zimwi la kinamasi. Wakati huohuo ndege na samaki wanakufa kwa makundi. Ni toleo la taratibu, kuna maongezi mengi na Superman, na wapenda ngumi watalala. Lakini mtu aliyeamua kuficha elimu yake na kubeba mbao ni mtu ninayemwamini. Ana jasho. Paquette naye amepanga kurasa vizuri mno, visanduku vinajikunja kama mizizi.

Batgirl: aliyesimama, na waliobaki wamekaa

Hili ndilo toleo lililoleta ugomvi wa maana kuliko yote. Mwaka 1988, kwenye The Killing Joke ya Alan Moore na Brian Bolland, Joker alimpiga risasi Barbara Gordon akapooza. Mwaka uliofuata waandishi Kim Yale na John Ostrander walikataa yaishie hapo, wakamwanzishia maisha mapya akiwa Oracle: mwanamke kwenye kiti cha magurudumu ambaye akili na kompyuta yake vilimfanya awe wa lazima kwa mashujaa wenzake. Ilidumu zaidi ya miaka 20. Kwa wasomaji wengi wenye ulemavu, Oracle alikuwa shujaa wao.

Septemba 2011 DC wakamsimamisha. Gail Simone, ambaye aliwahi kumwandika Oracle kwa miaka mingi na kwa mapenzi, ndiye aliyepewa kazi ya kumwandika Batgirl anayetembea. Na toleo lenyewe, tuseme ukweli, limeandikwa vizuri. Adui anaitwa Mirror, anaua watu walionusurika kifo, kana kwamba kunusurika ni deni. Mwishoni anamwelekezea Barbara bastola palepale risasi ya Joker ilipopita, na Barbara anaganda. Hawezi kusogea. Mgonjwa aliyetakiwa kulindwa anatupwa dirishani, na askari wa kike anamwita Batgirl muuaji.

Ndiyo sehemu bora ya kitabu. Simone anajua kwamba mwili ukipona, hofu hukaa nyuma kulinda nyumba. Lakini swali la wale wasomaji halijibiwi na ufundi. Barbara amehamia nyumba mpya, ana mwenzake wa kupanga, Alysia Yeoh, mtaa anao. Aliowaacha nyuma ni watu wa mtaa wa zamani, na hakuna aliyewaambia nani atakaa pale. Unaweza kukipenda kitabu na bado ukakubali kwamba kilimgharimu mtu. Mimi nipo hapo.

Detective Comics: kelele za gharama

Tony Daniel ameandika na kuchora. Batman anamfukuza Joker, kuna damu, kuna visu, na ukurasa wa mwisho uso wa Joker umechunwa na kutundikwa. Basi. Kama picha, inashtua. Kama hadithi, haidai chochote kutoka kwako. Linganisha na Maxine na mifupa yake: kule mshtuko umepikwa kwa kurasa zote zilizotangulia, huku umemwagwa tu mezani. Gotham ya toleo hili ni giza na mapaa. Sikumwona mtu anayepanda basi kwenda kazini.

Static Shock: kijana aliyehamishwa

Virgil Hawkins alizaliwa 1993 kwenye Milestone, kampuni iliyoanzishwa na wasanii weusi wa Marekani ili watu weusi wawe na mashujaa wenye maisha kamili. Mmoja wa waasisi wake, Dwayne McDuffie, alifariki Februari 2011, miezi michache kabla ya toleo hili. Virgil alikuwa wa Dakota, mji wa kubuni lakini wenye shule yake, marafiki wake, magenge yake na lugha yake. Umeme ulikuwa mikononi mwake, ila nguvu yake ilikuwa kwamba kila mtu pale Dakota alikuwa anamjua au anajifanya kumjua.

Kwenye toleo hili jipya familia imehamia New York. Waandishi wanamjaza sayansi na maadui wa rangirangi, vurugu tupu, na ndani ya vurugu hiyo Virgil anakuwa kijana yeyote mwenye umeme. Wamemng'oa, kisha wanashangaa mbona amenyauka. Jarida lilifungwa baada ya matoleo manane.

Batwing: nchi ipo, mtaa haupo

Sasa tufike nyumbani.

Batwing alibuniwa mapema mwaka huohuo na Grant Morrison na Chris Burnham, kama mmoja wa wawakilishi wa Batman duniani. Judd Winick akapewa kumjengea jarida, Ben Oliver akachora. Jina lake ni David Zavimbe, polisi mwaminifu ndani ya kituo kilichooza, kwenye mji wa kubuni uitwao Tinasha, Kongo. Usiku anavaa vazi la chuma alilopewa na Batman. Anagundua kuna muuaji anayeitwa Massacre, mtu wa mapanga, anayewinda mashujaa wa zamani wa kundi liitwalo The Kingdom, waliowahi kulitetea bara kisha wakatoweka. Mwisho wa toleo Massacre amevamia kituo cha polisi, na panga limempitia Batwing mwilini.

Nianze na mazuri, na yapo. Kumfanya shujaa polisi mwaminifu kati ya wala rushwa ni wazo zuri, lina shida ndani yake tangu mwanzo. Wazo la The Kingdom ni zuri zaidi: kwamba bara lilikuwa na mashujaa wake kabla Batman hajaja na mkoba wa vifaa. Na Oliver ana mkono. Nyuso zake ni nyuso za watu weusi kweli, wenye umri na uchovu tofauti, kitu ambacho wachoraji wengi wa Marekani kwa miaka mingi walishindwa.

Lakini hebu tafuta mtaa. Nyuma ya nyuso hizo nzuri kuna rangi ya vumbi, mwanga wa manjano, ukungu. Hakuna kibanda cha vocha. Hakuna mama anayekaanga kitu barabarani, hakuna pikipiki yenye abiria watatu, hakuna kanisa linalokesha na vipaza sauti. David anaishi wapi? Anakula kwa nani? Mshahara wa polisi umechelewa miezi mingapi? Foreman aliacha weupe nyuma ya familia. Oliver ameacha vumbi, na mbele yake hakuna familia, kuna vazi la chuma.

Lugha je? Kongo ina Kifaransa na lugha nne za taifa: Kilingala, Kiswahili, Kikongo na Kiluba. Askari wa Goma au Lubumbashi akimhoji mtuhumiwa, uchaguzi wa lugha peke yake ni drama: nani anahama kwenda lugha ya nani, nani anajifanya haelewi. Kitabu hakina hata dalili kwamba kuna suala la lugha. Majina nayo yameokotwa. Tinasha linafanana na Tinashe, jina la Kishona la Zimbabwe. Zavimbe linakukumbusha Savimbi wa Angola. Ni kama mtu atunge hadithi ya Paris, mji auite Giovanni.

Najua jibu litakalokuja: jamani, hii ni burudani, na Metropolis yenyewe ni ya kubuni. Sawa. Kubuni si kosa hata kidogo. Ngũgĩ alibuni nchi nzima ya Aburĩria kwenye Mũrogi wa Kagogo, na wasomaji wa Kenya walijiona ndani yake tangu kwenye foleni. Metropolis ya Morrison ni ya kubuni, lakini rushwa ya Glenmorgan ina bei na jengo linalobomolewa lina wakazi. Kosa la Tinasha ni kwamba imebuniwa nusu: wametengeneza maovu yake, mapanga, maiti, polisi wabovu, wakasahau kutengeneza maisha yanayostahili kulindwa. Sasa Batwing anapigania nini? Unaambiwa ni Afrika. Afrika ni kubwa mno, mtu hawezi kuifia panga likimwingia. Mtu hufa kwa ajili ya wadogo zake na watu wa mtaa wake.

Kuna jibu la pili ambalo nalikubali kidogo: kurasa 20 ni chache, na Action Comics lilipewa nafasi kubwa zaidi. Ni kweli. Ila mtaa hauhitaji kurasa, unahitaji kisanduku kimoja kilichochorwa na mtu aliyeangalia. Na wa kuangalia hawakukosekana. Kinshasa ni moja ya miji mikuu ya katuni barani. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alishachora kwa wachapishaji wa Ulaya miaka mingi kabla ya hapo. Papa Mfumu'eto aliwashika watu wa Kinshasa kwa vijarida vya Kilingala vilivyouzwa barabarani, akiwa na hadithi ya nyoka mkubwa anayemmeza mwanamke na kutapika dola. Hiyo nayo ni fantasia, tena kali kuliko ya Batwing. Lakini ilikuwa fantasia ya mji fulani, yenye njaa na uvumi wa mji huo, ndiyo maana watu waliigombania.

Huku kwetu pia tulishalijua somo hilo. Madenge na Ndumilakuwili wa jarida la Sani hawakuwa na nguvu zozote za ajabu, ila uswahilini waliishi kweli. Shujaaz ya Kenya, iliyoanza 2010, ina kijana anayeendesha redio ya siri chumbani na kuongea Sheng. Hakuna aliyemtangaza kuwa sauti ya Afrika. Aliongea kama watu wa mtaa wake, na mitaa mingine ikasogea kusikiliza.

Nini kiliwapata baadaye

Batwing hakufungwa haraka. Jarida lilifika toleo la 34, mwaka 2014. Lakini David Zavimbe hakufika nalo. Kwenye toleo la 19, mwaka 2013, aliachia vazi, na akakabidhiwa Luke Fox, Mmarekani wa Gotham, mtoto wa Lucius Fox anayemfanyia kazi Bruce Wayne. Jina la jarida likabaki lilelile.

Wengine walilalamika, na walikuwa na haki. Mimi ninachojiuliza ni kwa nini ilikuwa rahisi hivyo. Jaribu kumwondoa Clark kwenye chumba chake: utalazimika kumweleza Bi Nyxly, na wale wakazi waliosimama mbele ya vifaru. Jaribu kumwondoa Buddy: Maxine atauliza. David alipoondoka, Tinasha haikuwa na mtu wa kuuliza, kwa sababu waandishi hawakuwahi kumpa jirani. Virgil aling'olewa Dakota akafa mapema. David alibaki Kongo, lakini Kongo yenyewe haikuwahi kufika kwenye ukurasa.

Kwa hiyo ukiwa na hela ya matoleo matatu tu ya wiki ile, chukua Animal Man, Action Comics, na Batgirl usome huku ukiwakumbuka walioachwa. Swamp Thing azima kwa rafiki. Detective Comics na Static Shock pita nayo mbali. Batwing isome pia, hasa wewe unayechora na unayeota shujaa wako mwenyewe. Lakini kabla ya kumchorea barakoa, mchoree mlango wa nyumba yake na mtu anayeugonga kudai kodi.